Breki za Watu Wawili

Jina la Nukta alilipata katika kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi ya kusoma kurasa kabla hazijapigwa chapa. Miaka thelathini na miwili aliwinda makosa ya wenzake: herufi iliyoruka, mkato uliopotea njia, nukta iliyosahauliwa mwishoni mwa sentensi. Alipostaafu alidhani jina litabaki kazini na koti lake la buluu, lakini lilimfuata hadi nyumbani. Hata binti yake, aliyeolewa mbali na aliyempigia simu kila Jumapili, alimtania, "Baba Nukta, umekula?"

Alikuwa amekula. Mgane hali vizuri lakini hula. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, viwili vimefungwa, na ubavuni mwake palikuwa na banda la mabati. Humo ndimo alimoshinda, kwa sababu humo ndimo lilimokaa gari.

Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la zamani, rangi ya kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi. Viti viwili tu, paa la turubai, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Lilikuwa chini sana. Kuliingia kulikuwa kama kuvaa suruali ukiwa umelala. Taa zake zilifanya kazi kwa hiari, na kabureta zake mbili ziligombana kama wake wenza mpaka upate mtu mwenye subira wa kuzipatanisha.

Halikuwa lake peke yake. Yeye na rafiki yake Mpimaji, ambaye maisha yake yote alipima viwanja vya watu na hakuacha kupima hata alipostaafu, walilitoa nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Siku hiyo kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria. Walimhamisha kuku, wakalivuta gari kwa kamba hadi kwa Nukta, mwenye banda. Kisha kila Jumamosi, kwa miaka kumi na mmoja, walilifungua na kulifunga, wakalifungua tena. Mpimaji alipenda kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, hadi skrubu. Nukta alipenda gari liwake na lisimame.

Hapo kwenye kusimama ndipo walipokosana. Siku moja wakiteremka mteremko wa shule, Nukta kwenye usukani, breki za kizamani zilipata moto zikagoma. Gari liliteleza hadi likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye ukuta. Walishuka. Nukta akasema, "Sasa yametosha. Mbele tutaweka breki za diski."

"Ukibadilisha breki, hili si gari lile tena," Mpimaji akajibu.

"Na tukifa, sisi ni watu wale?"

"Breki hazina tatizo, bwana. Tatizo ni dereva."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile lilimwingia Nukta likakaa. Mpimaji aliondoka kwa miguu, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Nukta naye hakumfuata. Alijua kusahihisha makosa ya wengine. La kwake alilipita kila siku akiliona. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa miaka minne, na kati ya nyumba zao palikuwa na mitaa mitatu tu. Mwaka wa tatu mke wa Mpimaji alimpigia simu mara mbili. Nukta aliitazama ikilia. Akajisemea: anatumwa kuomba suluhu, aje mwenyewe.

Akaendelea na gari. Aling'oa platini, vile vyuma vidogo vya kuchochea cheche, akaweka kidude cha umeme mahali pake, injini ikawa inawaka kwa mguso mmoja. Akaweka feni ya umeme kwenye rejeta. Kila alipofaulu alinyoosha mgongo na kugeuka, kama mtu anayetaka kusema "umeona?", akakutana na kabati la spana.

Mwishowe akafunga zile breki za diski. Ilimchukua majuma sita, kitabu cha maelekezo mkononi na kalamu nyekundu sikioni, maana hata kitabu chenyewe kilikuwa na makosa ya chapa na hakuweza kuyavumilia. Zikabaki kutolewa upepo tu. Na hapo ndipo alipokwama.

Ukifungua mabomba ya breki, hewa huingia kwenye mafuta, na breki yenye hewa ni kama kukanyaga sponji. Kuitoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani akakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine hulala chini, akafungua skrubu ndogo kwenye gurudumu, hewa ikatoka, akaifunga kabla mguu haujaachia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nukta alijaribu kumvunja hivyo hivyo. Aliegemeza ubao kati ya pedali na kiti. Ubao ukachomoka ukavunja kioo cha saa ya mwendo. Alifunga tofali kwa kamba. Alikimbia kutoka pedali hadi gurudumu, gurudumu hadi pedali, mpaka akakaa chini akihema, akajicheka, na kicheko kikaishia njiani.

Jumamosi moja asubuhi alimwomba jirani yake, fundi cherehani. Mama wa watu alikuja kwa moyo mweupe, akakaa, akakanyaga.

"Polepole, mama. Kanyaga, kisha shikilia."

"Nimeshikilia, mzee!"

Hakuwa ameshikilia. Mguu wake ulikuwa na miaka ishirini ya cherehani. Ulipanda na kushuka kana kwamba anapinda shuka za hospitali nzima. Ikaingia hewa nyingi kuliko iliyotoka. Nukta alimshukuru, naye akaenda zake akipangusa viatu na kusema gari hilo limemwonea.

Nukta alibaki amelala chini, akitazama tumbo la gari. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua pedali ile. Alinyanyuka, akanawa mikono, akavaa shati safi, akatembea mitaa mitatu.

Mke wa Mpimaji ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwani kilifungwa kwa haraka.

"Shemeji," akasema.

"Nimekuja kumwona mwenzangu. Najua nimechelewa."

"Umechelewa kweli. Nilikupigia alipoanza kupotea njia ya kurudi nyumbani. Nikasema labda akikuona wewe..." Akaacha. "Ingia. Ila usiumie asipokujua. Hata mimi kuna siku ananiita dada."

Mpimaji alikuwa amekaa karibu na dirisha, amenyolewa vizuri, viatu vimefungwa. Alimtazama Nukta kwa adabu, adabu ile anayopewa mgeni.

"Karibu, bwana."

"Asante. Nina gari linahitaji mtu wa kukanyaga breki."

Uso wa Mpimaji ukafunguka kama pazia. "Gari gani?"

Nukta alipolitaja, mzee mwenzake alikuwa ameshasimama. Shemeji aliangalia saa, akamwangalia Nukta. "Kaa naye kwa saa mbili hivi. Nioge, nilale kidogo. Ila usimwachie mkono barabarani."

Hakumwachia. Walitembea wameshikana kama watoto wanaotumwa dukani, Mpimaji akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Mlangoni mwa banda alitangaza, "Mia saba na kumi na nne," kisha akaliona gari. Alilizunguka mara moja bila kuligusa. Halafu akalishika boneti kwa kiganja, kama unavyopima homa ya mtoto.

Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu yametolewa. Nukta alimsaidia kuingia. Hakuhitaji msaada mkubwa. Mwili ulikumbuka wapi pa kuinamia. Nukta akajilaza nyuma kushoto, kwenye gurudumu lililo mbali zaidi, akachomeka mpira mwembamba kwenye skrubu na ncha yake ndani ya chupa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akafungua. Povu likatoka, kisha mafuta. Akafunga. "Achia."

"Nimeachia."

Sauti ile, tulivu, isiyo na haraka, ilikuwa ile ile. Nukta alilala pale akiisikiliza. Walimaliza gurudumu la kwanza, wakaenda la pili. Walipofika mbele, Mpimaji alisema kutoka juu, "Fundi, gari hili ni letu wawili, unajua. Mimi na mwenzangu. Mkaidi yule, usione. Alitaka kuliwekea breki za kisasa."

Spana ilisimama mkononi mwa Nukta. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia tatizo ni dereva."

"Ilikuwa kweli?"

"Hata! Breki zilikuwa mbovu. Nilikaribia kujikojolea siku ile." Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Mimi niliogopa kitu kingine. Tukibadilisha hiki leo, kile kesho, mwisho halitabaki na kitu nilichokifunga mimi kwa mkono wangu. Nitakuwa naja hapa kama mgeni."

"Mbona hukumwambia hivyo?"

"Nitamwambia akija. Siku nyingi hajaja. Nadhani amesafiri."

Nukta alitoka chini ya gari. Akasimama mlangoni mwa dereva, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, shati safi limekwisha kazi. "Mpimaji. Nitazame. Ni mimi. Nukta."

Mpimaji alimtazama kwa bidii, kama anayesoma namba za mbali kwenye darubini yake ya kupimia. Halafu akatikisa kichwa kwa upole, asije akamvunja moyo.

"Nukta hana mvi, bwana."

Ghadhabu aliyoitunza miaka minne aliitafuta akaikosa, na mahali pake hapakuwa na kitu. Akarudi chini, kwa sababu gurudumu moja lilikuwa limebaki.

"Kanyaga," akasema, na sauti ikamtoka kavu.

"Nimekanyaga. Fundi, umepata mafua?"

"Vumbi tu. Shikilia."

Walipomaliza, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Nukta alirudisha magurudumu, akashusha gari, wakatoka na turubai limekunjwa. Injini ilivuma, Mpimaji akatega sikio. "Platini umezipanga sawasawa," akasema. Platini zilikuwa ndani ya kopo, kabatini. "Asante," Nukta akajibu.

Walipita sokoni, watu wakageuka, na Mpimaji akawapungia mkono kama kiongozi aliyechaguliwa bila kupingwa. Wakafika mteremko wa shule. Nukta aliuteremka, na karibu na chini akakanyaga. Gari lilisimama pale pale, limenyooka.

Mpimaji aligonga dashibodi kwa furaha. "Unaona? Breki zile zile! Nilimwambia yule bwana hazihitaji kubadilishwa."

Nukta aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Ulisema kweli," akamwambia. "Hazikuhitaji."

Jumamosi iliyofuata alimfuata tena, na iliyofuata hiyo. Siku nyingine aliitwa fundi, siku nyingine mpwa, mara moja alidhaniwa mtu wa kodi ya ardhi akakataliwa kuingia. Lakini jina lake mwenyewe hakuitwa. Alizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: si kwamba hakiumi. Shemeji alipata saa zake mbili za kulala, na wakati mwingine Nukta alipomrudisha mgonjwa, yeye na shemeji walikaa jikoni wakanywa chai. Kila mmoja alikuwa na mtu yule yule wa kumkosa, naye alikuwa chumba cha pili, anahesabu vigae vya sakafuni.

Mvua zilipoanza, magoti ya Mpimaji yalikataa kukunjika. Walijaribu mara mbili kumwingiza garini, mara ya pili akalia kwa maumivu, wakaacha. Nukta akawa anakwenda kumkalia tu, mchana, kwa saa moja. Alimsimulia kazi za gari, kabureta ya kulia inavyovuja, turubai linavyoingiza maji. Mpimaji alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Baadaye akawa analala muda mwingi, na Nukta akasimulia hivyo hivyo.

Jumapili moja binti yake alipiga simu.

"Baba, gari lako linaendaje?"

"Linakwenda. Limekuwa zuri kuliko lilivyowahi kuwa."

"Si ufurahi sasa! Unalipeleka wapi?"

Nukta aliangalia nje. Mvua ilikuwa imekatika na barabara ilikuwa tupu. Akafikiri. Alitaka kumpa jibu la kweli, lisilo na kosa ndani yake.

"Nalizungusha mtaani," akasema. "Kisha narudi."