Bendera ya Mume wa Kwanza

Jumamosi ya tarehe sita Novemba 1999 ndiyo siku Harlan Vess alipokubali bendera ya Delbert ifunguliwe. Kabla ya hapo alikuwa mjane mwenye hasira tu, na hasira alishaizoea.

Kule milimani West Virginia kila mtu alijua kazi yake. Alikusanya bendera za maziko, zile zilizofunika majeneza ya vijana waliouawa kwenye vita vya Hitler, zikakunjwa pembetatu na kupewa wafiwa. Alizitoa kwenye minada ya nyumba za marehemu, nyingine jalalani kabisa. Wakubwa waliwatuma watoto wa watu kufa, halafu wakawalipa mama zao kitambaa, na hata kitambaa chenyewe hawakujali kimeishia wapi. Ndivyo alivyosema kwa yeyote aliyekaa naye zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa.

Moja tu hakuwahi kuigusa, ya Delbert. Huyo alikuwa mume wa kwanza wa Opal, mkewe Harlan. Jeshi lilimwambia Opal kwamba mumewe kafia Italia mwaka 1944, na Harlan akamwoa mwaka 1950. Bendera ilikaa ndani ya foronya, chini ya mashuka ya wageni. "Huyo mwache alale," Opal alikuwa akisema, na Harlan alimwacha. Sasa Opal mwenyewe alikuwa amelala tangu majira ya kuchipua, baada ya wakubwa wa hospitali kumrudisha nyumbani na vidonge vya kikohozi huku moyo ukimfia kifuani. Jiwe lake la kaburi lilichongwa majina mawili, la Opal na la Harlan, likabaki kungoja mwaka wa kifo cha Harlan tu.

Purvis, mkusanyaji mwenzake, aliisumbukia bendera ile kwa miaka. Alitaka itandazwe wazi kwenye maonyesho ya siku ya mashujaa. Asubuhi hiyo alikuja akamshika Harlan pabaya, akamwambia kuwa huenda ni ile adimu kuliko zote, iliyofunika maiti moja baada ya nyingine kwenye makaburi ya vitani.

"Au unamwonea wivu marehemu, mzee mwenzangu?"

"Nimwonee wivu wa nini? Mke nilikaa naye mimi."

Wakaishika juu ya meza ya jikoni, mmoja huku na mwingine huku, wakaanza kuikunjua. Kwenye mkunjo wa tatu kitu kilidondoka, kikabiringika mpaka chini ya jiko. Ganda la risasi. Harlan hakushtuka, maana wanaopiga risasi za heshima mazikoni huokota maganda, na watu huyasokomeza ndani ya mikunjo. Purvis aliinama akaliokota, akaligeuza kitako. Hapo kila ganda la jeshi hugongwa mwaka lilipotengenezwa.

Akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama tena. 

"Soma," Harlan akasema.

"Sitini na saba."

Harlan akavuta kitambaa kilichobaki kwa nguvu. Bendera za vita vile zina nyota arobaini na nane, zimenyooka mistari kama mahindi shambani. Hizi zilikuwa zimepishana. Zilikuwa hamsini. Bendera yenye nyota hamsini haikuwapo duniani Harlan alipomwoa Opal.

 Kwanza aliwatukana wakubwa, kama kawaida yake. Walikosea jina. Walibadilisha bendera. Watu wa ofisini wangeweza kumzika mtu mara mbili na wasigundue. Purvis alimwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia.

"Harlan, ndugu yangu, maganda ni ya mazikoni. Na bendera haitupwi mlangoni kama gazeti. Anakabidhiwa mke, mkononi."

"Mke wa nani?"

"Wa Delbert. Kama alizikwa na hii, hakufa mwaka 1944."

Walijaribu kuikunja upya. Pembetatu ikatoka vibaya, ukingo mwekundu umechomoza nje. Ikikunjwa sawasawa, nyekundu haionekani kamwe. Wakaifungua, wakarudia, na nyekundu ikachomoza tena. Raynelle, bintiye aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa njiani anakuja kula mchana, na macho ya mama yake anayo yeye. Je, mtoto huyo amezaliwa ndani ya ndoa gani? Na pale makaburini, je, kuna mtu mwingine mwenye haki ya upande ule wa jiwe?

Purvis aliaga bila kuimaliza kahawa. Aliacha ganda mezani.

Harlan akakaa peke yake, akakumbuka asichotaka kukumbuka. Mwaka 1968 Opal alisafiri kwenda Grafton, mji wenye makaburi ya wanajeshi, akasema anamzika binamu. Alivaa nguo nyeusi mpya. Aliporudi alipika maharage na mkate wa mahindi, akaimba huku akiosha vyombo, na Harlan alifurahi kwamba msiba haukumwelemea.

Nje, mlango wa gari ukafungwa. Visigino vya Raynelle vikapanda ngazi za barazani. Harlan aliikumbatia bendera kifuani, wekundu ukamkodolea macho, na kwenye kichwa chake askari kijana mwenye glavu nyeupe alikuwa akipiga goti mbele ya Opal, akimwita mke wa marehemu. Opal alimjibu nini?