Kibakuli Kilichojaa

Muhayo alikuwa ameipanga siku yake kama anavyopanga mikate kwenye kitambaa. Alfajiri ufagio, kisha unga, kisha tanuri, kisha vyombo. Na adhuhuri, mama mkwe wake Bi Sanobar akijilaza, saa ile ilikuwa yake mwenyewe. Shule ya uuguzi aliiacha alipoolewa. Sasa walikubali kumpokea tena, ila kwanza afaulu mtihani, na mtihani ulikuwa Jumamosi.

Lakini kila adhuhuri lango liligongwa. Leo pia.

"Mkwe! Mko hai humo?" Alikuwa Shangazi Hosiyat, dada wa marehemu baba mkwe, na skafu yake ya maua mekundu. "Chai ipo, au siku hizi mnakunywa vitabu?"

Muhayo alifunga kitabu, akiuma meno. Akatandika godoro chini ya mzabibu, akaleta mkate, zabibu kavu, birika na kibakuli cha kunywea chai. Shangazi akaanza: goti lake, bei ya vitunguu, harusi ya jirani ambako pilau ilikosa karoti. Muhayo alimimina huku kichwani akitafuta jina la mfupa wa kiganja. Unaitwaje ule? Unaitwaje?

Chai ikamchoma kidole. Kibakuli kilikuwa kimejaa pomoni.

Kwao, mgeni anayependwa huwekewa chai kidogo, aongezwe tena na tena. Kumjazia ni kumwambia anywe aende zake.

"Ahaa," Shangazi akasema polepole. "Nimeelewa." Akaondoka bila kukigusa.

Bi Sanobar aliamka kwa kishindo cha lango, akakiona kibakuli. "Umemfukuza wifi yangu?"

"Mkono uliteleza, mama, wallahi!"

"Basi mkono huohuo umpelekee mkate wa moto. Usirudi mpaka akusamehe."

Saa yake ikawa imekwenda hivyo. Muhayo alifuata njia ya kando ya mfereji, machozi ya hasira yakimwasha, mkate mkononi na kitabu kwapani.

Ua wa Shangazi ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Mlangoni kulikuwa na jozi moja tu ya kandambili. Juu ya sinia, kibakuli kimoja kimefudikizwa.

"Umekuja kunimaliza kabisa?" Shangazi akauliza.

"Nisamehe, Shangazi. Nilikuwa nawaza mifupa."

"Mifupa ya nani?"

"Ya mtihani! Kila nikifungua kitabu, unabisha hodi!"

Alijiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.  Shangazi akakigeuza kibakuli, akamimina chai kidogo mno, chini kabisa, akamsogezea.

"Kaa. Soma hapa. Sisemi neno."

Muhayo akasoma mstari mmoja.

"Ila hili goti langu, mwanangu..."

"Shangazi!" Akambwagia kitabu mapajani. "Kama lazima useme, basi niulize mimi!"

Shangazi akavaa miwani, akafuata maandishi kwa kidole. "Mfupa wa bega umeshikana na upi?"

"Na... mtulinga?"

Shangazi alijipapasa bega mpaka akaupata. "Ndio huo. Lakini umejibu kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Rudia."