Mstari wa Miaka Saba

Bosi mpya wa chumba cha kufulia cha hospitali alipoanza kuwaita watu ofisini mmoja mmoja, Kimya alijua kuna jambo. Mtu hakuulizi ulikotoka kama hana mpango wa kukurudisha huko.

"Kaniuliza kabla ya hapa nilikuwa nafanya nini," alisema Redio, mpiga pasi, ambaye siri haikulala kwake hata usiku mmoja. "Nikamwambia nilikuwa nauza viatu. Akaandika! Viatu vinamhusu nini mtu wa mashuka?"

"Wanatafuta msimamizi wa zamu ya mchana," alisema Kimya.

"Msimamizi wa wapi, shoga? Hicho ni chambo. Wanachuja wasio na vyeti. Wewe wa darasa la saba utatangulia, mimi nafuata. Sema ulikuwa unafua hotelini. Nani atakwenda kuuliza?"

Kimya aliendelea kukunja, ncha kwa ncha. Alimtazama Redio anavyomhurumia, akajiuliza: na huyu je, nafasi haitaki? Kikulacho ki nguoni mwako, na humu ndani nguo zilikuwa rundo kwa rundo.

Yeye aliitaka, maana zamu ya mchana huisha kabla ya jua kuzama. Zamu zake zilikuwa za kubadilikabadilika, na binti yake wa darasa la kwanza alikuwa akitoka shule na kukaa kibarazani kwa jirani mpaka giza.

Alipoitwa, alimkuta bosi, mama wa makamo mwenye miwani, anatabasamu. Tabasamu lile hakulipenda. Hata mchinjaji humpapasa kuku kwanza.

"Kaa, mwanangu. Nasikia ulimwambia muuguzi wa wodi ya wanaume kwamba mzee wa kitanda cha tisa anaanza vidonda vya mgongo."

Kimya akajiuliza: Nani kaniuza?

"Mashuka yake yalikuja na madoa madogo, mama. Mahali palepale, siku mbili mfululizo. Niliomba tu wamgeuze. Kama nilivuka mpaka, nisamehe."

"Walimkagua, wakakuta kweli. Nani alikufundisha?"

Hapo hoteli ya Redio ikamjia mdomoni. Akaimeza. Hoteli hailazi wagonjwa. Swali la pili lingemuumbua.

"Baba yangu," alisema. "Alipooza. Nilimuuguza miaka saba. Kumgeuza, kumlisha, kumfulia. Shuka la damu ukilitia maji ya moto, doa halitoki tena. Hilo sikuambiwa na mtu, niliharibu mashuka yetu mawili ndipo nikajua. Na baba alipokufa, mgongo wake ulikuwa mzima."

Bosi aliandika, kisha akamsogezea karatasi na kalamu. "Tia sahihi, tumalize."

Mwingine angetia. Kimya alisoma, kidole kikitambaa chini ya maneno, taratibu, kama alivyosoma tangu shule. Umri. Elimu ya msingi. Halafu mstari uliopigwa chapa, na mbele yake mwandiko wa bosi: *Miaka bila kazi: saba.*

Akaweka kalamu chini.

"Sitii."

"Kwa nini? Nimekosea miaka?"

"Miaka ni hiyohiyo. Lakini umenisikia vizuri, mama, halafu ukaandika hivi. Kesho utahamishwa, atakuja mwingine. Huyo sauti yangu hataisikia, atasoma hii tu. Ataona mwanamke aliyelala miaka saba."

Bosi alivua miwani. "Fomu ndiyo ilivyo, mwanangu. Haina mahali pengine."

"Pembeni pana nafasi."

Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inakamua. Kimya aliona nafasi imeshakwenda, pengine na kazi yenyewe, na kwa fomu tu! Lakini mkono ulikataa kuifuata kalamu.

Bosi aliichukua mwenyewe. Akakata mstari wote, akaandika pembeni huku akisoma kwa sauti: "Miaka saba, alimuuguza baba nyumbani. Kugeuza, kulisha, kufua. Kuna lingine?"

"Andika mgongo ulikuwa mzima."

Akaandika. Kimya akasoma upya kutoka juu, ndipo akatia sahihi.

Alhamisi tangazo lilibandikwa mlangoni. Redio ndiye aliyepiga kelele kwanza.

"Shoga! Msimamizi ni wewe! Na mimi nimepewa dirisha la kupokea watu wa wodi. Eti muuza viatu anajua kuongea na wenye hasira!"

Kimya hakuruka. Alisoma jina lake, akasoma tarehe, kisha akabandua ncha ya karatasi na kuchungulia nyuma yake. Hapakuwa na maandishi.

"Sasa unatafuta nini tena?"

"Natazama tu," alisema Kimya.