Sidii Iliyotangulia Picha Zake

Mafundi wa kugrava wa Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia, Kongo, walikuwa na dawa moja, na hakuna aliyeiona kuwa uongo. Kugrava ni kuandika picha, nyimbo au filamu ndani ya sidii, na programu ya kazi hiyo waliipata popote: kwa rafiki, kwenye flashi ya msafiri aliyetoka Kampala, kwenye mtandao siku umeme ukitulia. Nyingi zilikuwa za majaribio. Zilikubali kazi siku thelathini, kisha zikafunga mdomo. Basi siku ya ishirini na tisa fundi aliingia katika kalenda ya kompyuta, akairudisha siku ya kwanza, na programu ikaanza kuhesabu upya kama mlinzi aliyelewa asiyekumbuka nani alikwishapita.

Marcellin alikuwa bingwa wa dawa hiyo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, na juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu kwamba kazi yake haina mpinzani hadi Epulu kule msituni. Harusi, misa, matanga, vyote vilipita mikononi mwake. Mtu akimwuliza kuhusu programu yake, alijibu kwamba ni ya bure, na alilisema neno hilo kifua mbele, kama mtu anayetaja ng'ombe wa babu yake.

Mwezi wa nne mwaka 2009 mama Débora alimwita Marcellin aje Saio, mtaa mwingine wa Bunia, kupiga picha. Wakati wa vita familia yake ilikimbia, na nyumba yao ikaungua. Waliporudi walimkuta Zacharie, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, amelima maharage katika parcelle yao, kiwanja chao. Zacharie hakuwa mwizi. Alikuwa na karatasi, ila aliyemwuzia kiwanja alikuwa ameuza kisicho chake, na mtu huyo hakuonekana tena Bunia. Sasa Zacharie alisema pale hapakuwahi kuwa na nyumba. Mama Débora alisema mawe ya msingi yapo bado chini ya majani, na baba mkwe wake alichonga herufi za jina lake katika jiwe la pembeni.

Jumanne ya tarehe kumi na nne Marcellin alifyeka majani, akapiga picha jiwe kwa jiwe. Herufi zilionekana vizuri. Ijumaa akazigrava katika sidii, akaipeleka mwenyewe, naye mama Débora akaifunga ndani ya kitenge kama hati ya ubatizo. Jumamosi, kabla ya mtu yeyote kujua, vijana wasiojulikana waling'oa mawe yote na kuyapakia katika gari. Zacharie aliapa hakuwatuma. Pengine ni kweli. Lakini tangu siku hiyo ushahidi wa nyumba ile ulikuwa ndani ya picha zile peke yake.

Jumatatu kamati ya usuluhishi ilikaa katika ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa muzee Antoine, mwalimu mstaafu asiyepandisha sauti, na wajumbe wawili walikaa kando yake. Mtoto wa Zacharie, Prince, ambaye alisoma informatique, elimu ya kompyuta, miaka miwili, alikuja na laptop. Aliiweka sidii ndani, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaigeuza laptop ili kamati ione.

"Muzee, angalia hapa," akasema. "Picha zinasema zilipigwa tarehe kumi na ine ya mwezi wa ine. Sidii inasema iligraviwa tarehe makumi mbili ya mwezi wa tatu. Ni kama mutoto amezaliwa mbele ya mama yake. Hii bintu walitengeneza ku kompyuta, mawe na herufi zote."

Watu walicheka. Mama Débora hakucheka. Alimgeukia Marcellin, akangoja.

Marcellin alijua mara moja. Machi tarehe ishirini na tisa alikuwa ameirudisha kompyuta tarehe mosi, na tangu hapo mashine ile iliishi siku ishirini na nane nyuma ya watu wengine wote. Maneno yalikuwa kwenye ulimi wake. Lakini ofisi ilijaa wateja wake, na Prince alikuwa akitabasamu. Akasema mashine iko na shida kidogo. Muzee Antoine akaandika maneno hayo polepole, akasema Alhamisi kamati itakata neno, na sidii ile haitahesabiwa mpaka shida hiyo ielezwe. Njiani mama Débora hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba mawe hayatarudi, kisha akashika njia ya kwake.

Jumanne asubuhi Marcellin alikwenda kwa Brigitte, binti wa shangazi yake, ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Miaka kadhaa Brigitte alifanya kazi katika hifadhi ya Epulu, akiingiza katika kompyuta alama za wanyama ambazo walinzi waliziona msituni, na sasa alifundisha kompyuta katika shule moja ya mjini. Marcellin alitaka kitu kimoja: namba ya siri ya kuifungua programu yake ili isihesabu siku tena.

Brigitte alimwuliza ana programu gani. Marcellin akaanza kumwonyesha moja moja kwenye flashi. Alizo nazo zilikuwa tatu, na zote, alisema, za bure.

Ya kwanza ilikuwa ile ya siku thelathini. Brigitte alisema hiyo si ya bure, ni ya kuazima, na mwenye kuazima kitu huku akificha siku ya kukirudisha anajulikana kwa jina lake. Ya pili haikudai chochote, wala haikuhesabu siku, lakini Brigitte aliifungua karatasi yake ya masharti, ambayo Marcellin hakuwahi kuisoma, akamwonyesha mstari: kwa matumizi ya nyumbani tu. Studio si nyumba. Ya tatu ilikuja na wageni wake. Ukiiweka, vidude vingine vitatu vinaingia nayo, na hakuna ajuaye vinapeleka wapi habari zako.

"Yaya, unatafutaka makosa tu," Marcellin akasema. "Kama silipe kitu, si ni ya bure?"

"Maziwa nayo unaweza kupewa bila kulipa na mutu aliyetia maji ndani. Usiniulize bei. Uliza wanakukataza nini."

Akatoa sidii katika kabati, ile waliyotumia Epulu. Programu iliyokuwa ndani haikuwa nzuri kwa macho. Madirisha yake yalikuwa ya kijivu na baadhi ya maneno hayakutafsiriwa. Lakini masharti yake yalisema unaweza kuitumia kwa kazi yoyote, ya nyumbani au ya studio. Maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuona inavyofanya kazi. Unaweza kumpa jirani, na ukijua kuitengeneza vizuri zaidi, unaweza kumpa jirani hata hiyo uliyoitengeneza.

Marcellin alicheka kwa dharau. Nani Bunia nzima, aliuliza, ataketi kuyasoma hayo maandishi ya ndani? Brigitte akajibu kwamba si lazima awe yeye. Inatosha kwamba hakuna aliyefungiwa mlango, hata adui yake. Kisha akamwambia jambo ambalo Marcellin hakulitaka.

"Lakini hii haitatengeneza kalenda yako. Hakuna programu inasemaka kweli kama saa ya mashine imedanganywa. Hiyo utaisema na kinywa chako."

Siku nzima Marcellin alizunguka na maneno hayo kama mtu mwenye mwiba mguuni anayekataa kukaa chini. Kukiri mbele ya Saio na Mudzipela kwamba fundi asiye na mpinzani huishi kwa kudanganya mashine! Afadhali angeambiwa avunje kamera. Jumatano akafungua kompyuta, akaifuta programu ya majaribio, akaweka ile ya kijivu, kisha akairekebisha kalenda. Mashine ikaruka wiki nne kwa mara moja.

Alhamisi alifika ofisini na motokari mbili: moja imebeba kompyuta iliyofungwa katika blanketi, nyingine groupe, yaani jenereta ndogo ya umeme. Aliomba neno kabla ya Prince.

"Muzee, Jumatatu nilisema mashine iko na shida. Mashine haikuwa na shida. Ni mimi niliirudisha nyuma sababu programu yangu ilikuwa ya siku makumi tatu, na sikutaka ifunge. Nafanyaka vile, na wengine hapa Mudzipela wanafanyaka vile. Picha ni za kweli. Picha za mwanzo ziko mu karte ya kamera hii, sijaifuta. Nitagrava hapa, mbele yenu wote."

 Mtu wa nyuma akauliza kama sidii ya harusi yake nayo ilitangulia harusi, na ofisi ikaangua kicheko. Marcellin hakuondoka mbele ya mashine.

Prince alikuja akasimama begani kwake. Alitoa simu, akalinganisha saa, dakika kwa dakika. Aliuliza programu hii mpya ameiiba wapi. Marcellin alimpa karatasi ya masharti aliyoipiga chapa, na Prince akaisoma kwa Kifaransa kwa sauti, mstari kwa mstari, akitafuta mahali pa kukamata. Alipofika penye ruhusa ya kuona ndani na kumpa mwingine, sauti yake ilipungua.

"Kwa hiyo hata mimi unaweza kunipa? Nikaifungue, niangalie kama inadanganya?"

"Hata weye," Marcellin akasema, na maneno hayo yalimgharimu kuliko yale ya kwanza.

Groupe ilinguruma nje. Sidii ikatoka, tarehe yake ishirini na tatu ya mwezi wa nne. Prince aliiweka kwenye laptop yake, akafungua picha kutoka karte ya kamera kando ya zile za sidii, akaikuza ile ya jiwe la pembeni hadi herufi zikajaza kioo. Zacharie aliinama akatazama. Alimwuliza mwanawe jambo kwa Kinande, lugha ya kwao. Prince akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwenyekiti.

"Muzee, iko sawa. Sina neno juu ya picha."

Muzee Antoine alikata shauri mchana ule. Parcelle ni ya mama Débora. Zacharie atavuna maharage yake kwanza, kwa kuwa aliyapanda kwa jasho lake, na kamati itamsaidia kumtafuta aliyemwuzia. Hawakukumbatiana. Mama Débora alisema mvua ikiisha maharage yatakuwa yamekauka, Zacharie akasema wiki sita, na kila mmoja akaenda zake.

Wiki iliyofuata wateja wa Marcellin walipungua, kisha wakarudi, wengi wao wakiwa na utani uleule wa harusi. Siku moja saa sita mchana Prince aliingia studio, akaweka sidii tupu mezani bila salamu ndefu.  Marcellin alikuwa na majibu kadhaa tayari, na yote yalikuwa makali. Akaichukua, akaigrava ile programu pamoja na maandishi yake ya ndani na karatasi ya masharti, akamrudishia.

Prince aliishika kwa ncha za vidole. Kabla ya kutoka alichungulia tarehe kwenye kioo cha kompyuta, akatoa simu yake, akalinganisha.