Mungu wa Tiba Anacheka

Mama mkwe wangu, Siok-tsin, hajavuta sigara hata ya kuonja. Mvutaji ni mumewe, Thian-sang, ambaye ameyageuza mapazia ya nyumba yetu hapa Tainan yakawa rangi ya chai. Kwa hiyo Mama alipomburuta hospitali akapigwe picha ya mapafu, na mzee akagoma mpaka naye Mama apigwe, sote tulijua nani anakwenda kuumbuka.

Mzee akakutwa na makovu ya moshi tu. Mwenye doa alikuwa Mama.

Wakamchoma sindano, wakachukua kinyama kwenda kukipima, na majibu yakaja: saratani. Mimi nililia pale pale kwenye korido. Mama hakulia. Alimgeukia mumewe.

"We mzee! Uvute wewe, niugue mimi? Hata ugonjwa umenisukumia?"

"Sasa mimi nimefanyaje?" mzee akajibu, huku anapapasa mfuko wa shati.

"Thubutu uitoe! Nitakutafunisha pamoja na kiberiti chake."

Daktari, dada mmoja mwenye subira ya ajabu, akatueleza. Kuna saratani ya mapafu ya seli ndogo, ile yenye mbio, ambayo karibu kila mara huwapata wavutaji. Ya Mama ni ya kundi jingine, inaanzia kwenye tezi za ndani ya mapafu, na hiyo huwapata hata wasiovuta, wanawake wengi tu. Chanzo chake si rahisi kukijua: labda moshi wa mumewe, labda hewa chafu ya mjini, labda ya kurithi, labda moshi wa mafuta ya kukaangia.

"Mama, ukikaanga samaki unawasha feni ya jikoni?"

"Niiwashe ya nini? Inanguruma, siisikii tamthilia yangu."

Daktari akashusha pumzi. Doa bado dogo, akasema, halijasambaa. Likikatwa sasa, huenda asihitaji dawa za kemo wala mionzi. Likiachwa, litasambaa, na hapo kukata hakutasaidia.

"Kwanza nimuulize mungu wa tiba," Mama akasema, akabeba mkoba wake. "Akikataa, sipasuliwi."

Na Mama akisema, amesema. Tukaenda hekaluni. Pale kuna vile vipande viwili vya mti, bapa upande mmoja, mgongo wa mviringo upande wa pili. Unauliza, unavirusha sakafuni. Kimoja bapa juu na kingine mgongo juu, ni ndiyo. Migongo yote juu, hapana. Bapa zote juu, mungu anakucheka. Kwa jambo zito unatafuta ndiyo tatu mfululizo.

Mama akapiga magoti, akarusha. Mungu akacheka. Akarusha tena, akachekwa tena.

"Kwani umemuulizaje?" nikauliza.

"Kama nipasuliwe, au nijifie zangu bila kovu."

"Mama! Hayo maswali mawili! Ndiyo yake aiweke wapi?"

"Pei-jung, usinifundishe kuongea na mungu wangu."

Akarusha tena: hapana. Akasimama, akajikung'uta magoti. "Basi, amesema."

Niliogopa sana. Ndipo mzee, ambaye sijawahi kumwona akipiga magoti popote, akamnyang'anya vile vipande.

"Wewe? Hata hakujui!"

"Atanijua leo." Akaweka pakiti yake ya sigara madhabahuni, katikati ya machungwa ya watu. "Mheshimiwa, mke wangu apasuliwe? Ukikubali, sivuti tena."

Ndiyo. Ndiyo tena. Mara ya tatu kipande kimoja kikatua bapa juu, kingine kikabingirika chini ya kitambaa cha madhabahu. Mzee akakifuata kwa kutambaa, makalio yakabaki nje. Nami nikainama kuchungulia. Kilikuwa kimelala bapa juu. Mzee akanitazama, macho yamejaa machozi, akakigeuza kwa kidole.

"Ndiyo!" nikapiga kelele kabla hajafungua mdomo. "Mama, ndiyo tatu!"

Mama aliyatazama yale makalio kitambo, kisha akasema haya, twendeni tukapange siku.

Alipasuliwa wiki ile, doa likatoka lote. Alipozinduka alinivuta sikio.

"Yule mwizi alikigeuza, sivyo? Nilikiona kidole chake kwenye upenyo wa kitambaa."

Nikakosa pa kujificha. "Sasa Mama, mbona ulikubali?"

"Tangu anioe hajawahi kusema ananihitaji," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Siku ile alimdanganya mungu mbele ya watu ili nibaki. Ningekataaje?"