Hodi Nyuma ya Jicho

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei. Ukungu mpaka vizingitini, jua jeupe kama sahani iliyooshwa, upepo hakuna.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitufundisha kuanza hivi kila tunapoandika. Anasema mtu anayeijua siku yake na mbingu yake hapotei katikati ya habari. Basi nami nimeanza hivyo, ingawa asubuhi ile nilikuwa nimeshapotea.

Kichwa kilianza kuuma kabla sijamaliza sala ya alfajiri. Kiligonga upande wa kushoto, nyuma ya jicho, taratibu, kama mtu mstaarabu anayebisha hodi kisha akasubiri. Marehemu mume wangu alibisha vivyo hivyo maisha yake yote, hata kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana nikajibu kimoyomoyo, "Karibu."

Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea zaburi kila kulipokucha. Mimi sikujua kusoma. Nilikaa nikimsikiliza huku chai ikipoa, na maneno yalinishukia kama umande. Alipofariki, kitabu kilibaki mezani kimefungwa, na miwani yake juu yake. Nikajiandikisha darasa la jioni nikiwa bibi mwenye wajukuu, ili nikifungue.

Siku ya kwanza nilipoivaa miwani ile, niliona maajabu. Kioo cha kushoto kilikuwa kinene kama kitako cha chupa, maana jicho lake la upande huo lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Herufi zilipanda kutoka kwenye karatasi, zikaelea, zikainama upande mmoja kama nguo kwenye kamba. Ukuta nao uliinama. Nilijisikia kama ninayetazama kutoka chini ya maji. Kisha, baada ya mistari michache, hodi. Na kila hodi ilipozidi, nilimsikia mume wangu karibu zaidi, hata harufu ya sabuni yake ya kunyolea. Nilimshukuru Mungu kwamba kwa rehema zake amemruhusu anipitie. Sikumwambia mtu. Neema hizi ukizitangaza, huondoka.

Shida ilikuwa moja. Mwaka mmoja tangu aondoke ulikuwa unakaribia, na jamaa walikuwa waje nyumbani kwa sala. Nilikuwa nimeomba niisome mimi zaburi aliyoipenda kuliko zote, mwanzo hadi mwisho. Lakini kila nilipojaribu, hodi iligeuka kuwa nyundo kabla sijafika katikati, na herufi zikazama. Nikafunga, nile jioni tu, hata maji nisinywe mchana, ili Mungu anipe nguvu ya kuvumilia.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi anayefua mashuka ya hoteli. Chumba chetu kimejaa mvuke, na mashuka yananing'inia pande zote, meupe, kiasi kwamba mtu akipita unaona kivuli tu. Mwenzangu wa meza ya pili tunamwita Redio, maana hazimwi.

"Mama," aliniambia asubuhi ile, "leo uso wako uko kama shuka lililotoka kwenye mashine."

"Kichwa tu."

"Tena? Lete hapa." Akanifunga kitambaa kichwani, akakaza kwa mikono miwili kama anayefunga mzigo. "Tunakaza mpaka maumivu yakose pa kukaa. Na vidonge hivi hapa."

"Nilimeza jana. Na juzi."

"Basi vimeshazoea njia, wala havitapotea."

Nikavimeza bila maji. Nikarudi kwenye pasi. Mvuke ukapanda, na nuru ya dirishani ikaanza kumeta pembeni mwa jicho langu kama vumbi la fedha. Ndipo nilipomwona. Alikuwa nyuma ya shuka la tatu, kivuli chake kirefu, bega moja chini kidogo kama kawaida yake. Alinyoosha mkono kubisha. Nilisimama nikimngoja. Sijui nilisimama kwa muda gani.

"Mama! Pasi!"

Shuka lilikuwa linafuka moshi. Nilipoinua pasi, alama yake ilibaki pale, ya kahawia, imechongoka mbele, kama unyayo wa mtu aliyepita na kwenda zake. Nyuma ya mashuka hapakuwa na mtu. Nikainama nikatapika kwenye ndoo.

Redio alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akampigia simu wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye.

Wifi alikuja na kanga begani na ukali machoni. "Wifi, umekula nini tangu asubuhi?"

"Nimefunga. Nina ombi."

"Na maji?"

"Maji nayo."

"Mungu anakusikiliza, sawa, lakini figo zako zinakusengenya. Twende zahanati."

Nesi wa zahanati alikuwa mtu wa sauti ya kubembeleza. Alinifungua kitambaa kwanza. Ngozi ya paji la uso ilirudi mahali pake, nikapumua. Akanipima presha, haikuwa na neno. Akaniuliza kama maumivu yalinijia ghafla kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia, kama nina homa na shingo imekaza, kama mkono au mguu umekufa ganzi, kama ulimi umekuwa mzito.

"Hapana, mwanangu."

"Vizuri. Siku ukiona hata kimoja katika hivyo, usingoje kesho, kimbilia hospitali. Sasa niambie, mama, unalala?"

"Kidogo. Ninasoma."

"Joto kazini, maji hunywi, chakula hakuna, usingizi kidogo, kitambaa kimekazwa. Kimoja tu kinatosha kuumiza kichwa, wewe umeviita vyote harusini. Na vidonge?"

"Karibu kila siku."

"Hivyo navyo vikizidi, vyenyewe huleta maumivu. Vitapunguzwa, na siku za mwanzo kichwa kitalalamika. Usishtuke." Akaniangalia. "Unasoma kwa miwani?"

Nilitamani kusema hapana. Nikaitoa mkobani. Aliinyanyua mbele ya dirisha, akaisogeza huku na huku, na nguzo ya dirisha ikavunjika vipande viwili ndani ya vile vioo.

"Hii ni ya nani?"

Wifi ndiye aliyejibu, polepole. "Ya kaka yangu."

"Mama, vioo hivi vimekatwa kwa macho ya mtu mwingine. Macho yako yanavutana mchana kutwa. Hapa ndipo penye kesi kubwa. Ukiivua, ukapata yako, kichwa kitatulia."

"Sitaki kitulie," nikasema.

Wote wawili walinitazama. Basi nikasema yote, pale pale, machozi yakinitoka: kwamba kinachogonga si ugonjwa, ni yeye. Kwamba nikiivua miwani, hodi itakoma, na nitabaki na mlango usiobishwa na mtu.

Nesi aliinamisha kichwa. Nilidhani wifi atalia pamoja nami, lakini yeye aliweka mikono kiunoni.

"Kaka yangu? Kaka yangu akugonge mpaka utapike kwenye ndoo ya watu? Yule aliyekuwa akivua viatu nje, kwenye mvua, ili asikuamshe? Aliyekunywa chai bila sukari wiki nzima asikwambie umesahau? Wifi, msingizie mtu mwingine. Huyo simjui."

Alisema kweli. Alikuwa akibisha hodi ili asimshtue mtu. Akiona umelala, alikuwa akisubiri.

Tulirudi nyumbani. Wifi alinipa uji mwepesi na maji kidogo kidogo, akafunga mapazia, akanilaza, akaniwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, bila kukifunga. Nje watoto walikuwa wanacheza, na sauti zao zilinijia kutoka mbali, kama kutoka ng'ambo ya mto. Giza la chumba lilikuwa na rangi ya chai. Nikalala.

Akaja. Hakubisha. Niliona tu godoro limebonyea upande wa miguuni. Macho yake hayakuwa na miwani, mazuri, yote mawili sawa.

"Miwani yako ninayo," nikamwambia.

"Ya nini?" akasema. "Huku naona."

Nilipoamka palikuwa kimya. Kimya nyuma ya jicho, kimya chumbani. Niliogopa kidogo, kisha nikasali, na sala ile haikuwa ya kuomba kitu.

Fundi wa miwani alinipima macho, akasema fremu bado ni nzima. Akatoa vioo vya zamani, akaweka vyangu. Wifi aliomba kile kinene cha kushoto, akakifunga kwenye leso, hakusema cha nini. Kichwa kililalamika siku kadhaa kama nesi alivyoonya, nikakilaza gizani, nikakinywesha maji, kikachoka kulalamika. Nilipofungua kitabu, herufi zilikaa chini, kila moja mahali pake, kama wageni waliopewa mikeka. Hazikuelea tena. Nisiseme uongo, kuelea kule nilikukumbuka.

Siku ya sala, sebule ilijaa mpaka barazani. Nilisimama na fremu yake usoni na macho yangu mwenyewe ndani yake. Nilisoma kwa kidole, taratibu, nikakwama mahali, nikaendelea. Nilifika mwisho. Nikangoja, nikisikiliza. Hakuna aliyegonga. Chumba kizima kilisema amina.

Sikuketi.

"Jamaa zangu," nikasema, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Zaburi hii nitaisoma kila alfajiri, kwa sauti, kwa macho niliyopewa mimi. Na kichwa kikiuma nitasema kinauma. Sitamsingizia marehemu tena."

"Na maji?" Redio akauliza kutoka mlangoni.

"Na maji nitakunywa."

"Sote tumesikia," akasema wifi, akaniletea glasi.