Kijiti Kwenye Dimbwi

Kwenye mto wa Tanner, anayekaa tezi, nyuma ya chombo, ndiye mwenye mto. Yeye ndiye anayeshika kafi na kuamua chombo kipite kushoto au kulia kwa mwamba, na jioni ndiye anayechagua fungu la changarawe la kulala. Wakishashuka hapo, hukata kijiti cha mwerebi na kukichomeka pale maji yanapokomea, ili mto ukipanda usiku watu wajue. Kijiti kinakuwa kimoja tu, na kinawekwa na mtu wa tezi. Ukichomeka cha pili umemwita mwongo.

Baba yangu, Verlin, alikaa tezi tangu kabla sijazaliwa. Wageni walikuja kutoka miji mikubwa ya Missouri awapeleke kuvua trauti, nao walirudi wakimsimulia kama mtu anayesimulia mlima. Kafi lile alipewa na babu. Babu alimkabidhi siku ya mwisho ya msimu, akaenda kukaa karibu na jiko la kuni, na kabla theluji haijayeyuka tukamzika. Baba hakuwahi kuisema habari hiyo, lakini nyumbani kila mtu aliijua: mtu wa kwetu akiachia kafi, kinachobaki ni kiti na jiko.

Masika yale tulishuka mto watu watatu, kama kila mwaka kabla wageni hawajaanza kuja: baba, mdogo wake Coy, na mimi. Kwenye maporomoko ya kwanza tuligonga jiwe. Boti letu ni bapa, la bati, na kishindo chake kiliwaamsha kunguru wa kilima kizima. Baba alisema lile jiwe halikuwepo mwaka jana.

"Limehamia," ba'mdogo Coy akajibu. "Huko lilikokuwa majirani walikuwa na kelele."

Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile jiwe nalijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na ni kubwa kama ng'ombe aliyelala.

Kuanzia hapo nikawa namtazama. Alivua vizuri kuliko sisi wote, maana trauti humsikia kwa kidole, kwenye uzi. Lakini ndoana ilipokatika, alimpa ba'mdogo aifunge, akasema vidole vyake siku hizi ni vinene. Ba'mdogo aliifunga bila utani wowote, na mtu huyo hata mazishini huwa na utani. Hapo nikajua kwamba ba'mdogo analijua jambo hili la macho ya baba, na kwamba hakulijua leo.

Alasiri mawingu meusi yalijikusanya upande wa juu wa mto, mbali, na ngurumo ikawa inatufikia kama mtu anayesukuma meza chumba cha pili. Baba aliamua tulale kwenye fungu refu lililo chini ya jabali. Ni mahali pazuri, ila nyuma yake, kati ya changarawe na msitu, kuna mkondo mkavu. Mto ukipanda, maji huanza kupita huko nyuma kabla hayajafika mbele, na aliyelala hapo huamka yuko kisiwani.

Baba alikata kijiti chake. Akatembea taratibu akipapasa kwa vidole vya miguu, akayasikia maji, akainama na kukichomeka. Alikichomeka kwenye dimbwi. Lilikuwa dimbwi tu, lililoachwa na mafuriko ya wiki iliyopita, limetengana na mto kwa hatua kadhaa za changarawe kavu. Mto ungeweza kupanda mpaka kiunoni mwa mtu na kijiti kile kisiseme neno.

Nilimtazama ba'mdogo. Naye alikuwa amekiona. Akageuza uso, akaanza kukata viazi.

Sikuweza kuvumilia. Wakati wao wanawagaragaza samaki kwenye unga wa mahindi na kuwatia kwenye mafuta ya nguruwe, nilikwenda ukingoni nikachomeka kijiti changu, nyuma ya mierebi. Tulikula. Jua lilikuwa bado halijazama baba aliposhuka kusuuza kikaango, na mguu wake ukakigonga. Akakichomoa. Akapitisha kidole gumba kwenye ncha iliyokatwa.

"Nani kaweka hiki?"

"Labda upepo, kaka," ba'mdogo akasema.

"Upepo una kisu?"

Nikasema ni mimi. Baba alikuja mpaka kwenye moto, akasimama mbele yangu, macho yake yameelekea sikioni mwangu badala ya usoni.

"Changu kina kasoro gani?"

"Chako hakiko mtoni, baba. Kiko kwenye dimbwi."

Hakunikaripia. Ingekuwa nafuu. Alimgeukia mdogo wake, mtu aliyeshuka naye mto ule maisha yao yote, akamuuliza kwa sauti ya chini kijiti kiko wapi. Ba'mdogo alikoroga kahawa ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Kiko mtoni, kaka. Huyu kijana ana homa ya mawingu."

Baba akakitupa kijiti changu motoni. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilitamani kumshika ba'mdogo shingo nimpeleke pale dimbwini, nimchomeke yeye. Badala yake nilichukua kamba ya pili, nikaenda kulifunga boti kwenye mti mkubwa wenye gome jeupe, ule unaosimama mahali pa juu kabisa pa fungu, nikakaza fundo kwa hasira. Kisha nikalala huko huko, mbali nao.

Kulipoanza kupambazuka niliamshwa na sauti nyuma yangu, upande ambao haukupaswa kuwa na sauti. Ukungu ulikuwa mzito. Niliteremka kidogo nikauona mkondo mkavu umejaa, maji ya kahawia yanakimbia na matawi. Mbele, kamba ya kwanza ilikuwa imeng'oka, na boti linaning'inia kwa ile ya kwangu. Kikaango kilikuwa kinaelea kikiondoka zake.

Niliwaita. Baba aliinuka, mkono wake ukatua majini palipokuwa na blanketi. Alitembea moja kwa moja mpaka pale alipochomeka kijiti, maji yakimfika magotini, akapapasa mpaka akakipata. Mto na dimbwi sasa vilikuwa kitu kimoja.

"Ulisema kiko mtoni," alimwambia ba'mdogo.

"Nilisema."

"Kwa nini, Coy?"

"Nilitaka ulale vizuri, kaka. Usiku mmoja tu."

Kama baba angemtukana, sote tungepumua. Lakini alitikisa kichwa tu, akaja kwenye boti, akaingia, na miguu yake ikampeleka ilikozoea. Akakaa tezi. Akalishika kafi.

Nilikuwa nimesimama na kamba mkononi. Ba'mdogo alishatupa mizigo ndani na kuingia.

"Fungua," baba akasema.

"Sifungui mpaka uhamie mbele, omo."

Maji yalikuwa yananipanda mapajani, baridi kama ya chemchemi inauma mfupa. Chini ya pale, kwenye kona, kulikuwa na mti uliong'oka, mizizi yake juu, na mto mzima ulikuwa unaingia humo kama uzi kwenye tundu la sindano. Sote watatu tulijua uko hapo. Mmoja wetu asingeuona.

"Babu yako alinipa kafi kwa mkono wake," baba alisema. "Hakunyang'anywa."

"Basi na wewe nipe kwa mkono wako."

Ba'mdogo alifungua mdomo, nikamwambia anyamaze, maana maneno yake tulishayala jana. Maji yalilifikia shina la mti niliofungia kamba. Mwishowe baba aliinuka, akashika kingo za boti, akapita katikati ya mizigo mpaka omo. Kabla ya kukaa alinyoosha kafi. Alilinyoosha upande ambao sikuwepo. Nikazunguka nikalipokea kana kwamba nilikuwa pale siku zote.

Tulipita. Sitasimulia mengi: mizizi ilipiga ubavu wa boti ikaliachia, na nililia kwa nguvu ya kupiga kafi, au kwa sababu nyingine. Baba alikaa mbele, mgongo umenyooka, akipigwa na matone usoni bila kujifuta.

Karibu na daraja la Sutter, ambako pikapu yetu ilisubiri na mama yangu Neva ndani yake, mto ulipanuka ukatulia. Ba'mdogo alinigusa goti. Akaninong'oneza kwamba hapa hata mtoto anaweza, na kwamba gatini kuna watu, Jumapili hii, wavuvi wote wa bonde. Nimpishe mzee tezi, afike kama anavyofika siku zote.

Nililifikiria. Naapa nililifikiria, na mkono wangu ulishalegea kwenye kafi. Lakini baba alisema bila kugeuka, "Kaeni mlipokaa. Uongo wa jana unatosha."

Basi tukafika hivyo. Watu gatini walikuwa wanapiga soga, wakaacha. Mmoja akamuuliza baba kwa utani kama amekuwa abiria siku hizi, atalipa nauli gani. Baba akamjibu kwamba dereva ni mkali, hakubali mkopo. Wakacheka.

Kazi ya mtu wa omo ni kushuka na kamba wa kwanza. Baba aliikunja kamba mkononi, akasikiliza, akatoa mguu nje kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwake. Zege la gati lilikuwa bado hatua mbili mbele. Akazama mpaka kifuani.

Gati zima liliangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa Verlin. Ba'mdogo naye alijitahidi kucheka. Mama alikuwa ameshashuka kwenye pikapu. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi nilipokaa, muda mrefu, kama mtu aliyeingia jikoni akakuta mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Baba alisimama majini, kofia inachuruzika, kamba ameikaza kwa ngumi mbili, boti limetulia kabisa nyuma yake.

"Nimelishika," alisema. "Shukeni."

Hakuna kati yetu aliyeshuka upesi.